Mkulagembe

Nilipohamia Kayenze ilikuwa Julai,
na ua uliotutenga mimi na Nkwimba
ulikuwa fito tupu, kijivu mbele ya kijivu cha majabali.
Nikasema, huu ni mgunga.
Mwalimu wa baiolojia, nikasema kwa sauti.
Nkwimba akaendelea kugeuza dagaa wake mwambani.
"Ngoja," akasema, "haujasema wenyewe."

Nikausogelea na kioo cha kukuzia.
Mwiba wa mgunga huzaliwa mwiba.
Huu ulikuwa tawi, likaghairi:
niliona kovu la jani karibu na ncha,
pale lilipobadili nia.
Nikafuta neno mgunga daftarini.
Sikuandika jingine.

Oktoba, radi ikinguruma upande wa Ukerewe,
majani yakatoka membamba kama kope,
yakawa yanalala jioni kabla ya watoto.
Novemba ua ukatoa maua,
yakaning'inia kichwa chini, juu waridi, chini njano,
kama binti mwenye gauni la sikukuu
na soksi za kaka yake.
"Sasa?" nikauliza.
"Bado."

Masika sikuutazama. Mahindi yaliuficha,
nami nilikuwa na madaftari mia na ishirini ya kusahihisha.
Wenyewe ulisafiri chini kwa chini,
ukachipua mlangoni kwa choo changu.

Mei maganda yakajisokota mafungu mafungu,
nywele za mtu aliyeamshwa ghafla,
na mbuzi wa Nkwimba wakasimama kwa miguu miwili
kuyadai.

Juni nikachukua jembe, niyang'oe yale machipukizi.
Pigo la tatu
mpini ukabaki mkononi mwangu
na chuma kikabaki mzizini,
kimeuma, au kimeumwa.
Nkwimba alicheka mpaka akakaa chini.
"Mkulagembe," akasema, akijifuta machozi kwa khanga.
"Kwetu, mtundulu.
Ningekutajia Julai ile ungeandika tu, ukafunga kitabu."

Jembe lina pengo hadi leo, na pengo nimeliacha.

Jana usiku umeme ulikatika.
Nilikuwa natoka ziwani na ndoo,
nikapapasa njia kwa kufuata ua,
hakuna jani, hakuna ua la kunisaidia,
ukanichoma kidole gumba.
"Ah, ni wewe," nikasema,
na upande wa pili, gizani,
mtu akaitika.