Milimita Mbili

Umerudi, mwalimu Jemaiyo,
na kipande umekifunga kwenye karatasi ya shashi.
"Daktari, jino lako hili limenitoka
nikiwafundisha watoto herufi f."
Ukacheka, kiganja mdomoni,
kama wachekavyo wengi wenu wa kule Njoro
mlionyweshwa kisima chenye floridi,
maji matamu yaliyowapaka meno
kahawia kabla hamjajua kuandika jina.

Nakiweka kipande chini ya taa.
Juu kinang'aa, kigumu kama kigae.
Nakigeuza, nachoma tumbo lake kwa sindano
na sindano inazama
kama kidole ndani ya andazi lililoiva nje tu.

Muhonja, msaidizi wangu, anatazama dirishani.
Anaijua taa yetu. Miaka sita
hapa juu ya duka la mbolea, Barabara ya Gusii,
imeanguka mara mbili,
ncha yake ina ukoko wa utomvu wa wagonjwa wa juzi,
na bado inalia pip kila sekunde kumi,
bado inatoa buluu.
Tulidhani buluu ni buluu.

Nikueleze kilichotokea humo,
maadamu kinywa chako ki wazi na huwezi kunikatiza.
Ule udongo laini niliokujaza
ni punje za kioo, na kati ya punje ni utomvu,
nyuzi fupi fupi zisizojuana.
Na ndani ya utomvu, chembe kidogo sana,
kitu cha manjano, jamaa ya kafuri.
Bibi yangu kule Bondeni alikuwa mwosha maiti;
kafuri kwangu ilikuwa harufu ya chumba
ambacho watoto hawaingii.
Hii yangu kazi yake ni kuamsha.
Inakunywa buluu, inapoteza umanjano wake,
inamchokoza uzi wa kwanza,
naye anamshika jirani, jirani anamshika jirani,
mpaka hakuna wa kwanza tena.

Ila kushikana ni kusogeleana.
Kila mshiko unakula nafasi;
udongo unasinyaa, unazivuta kuta za jino,
na palipovutwa mno panabaki ufa
mwembamba kuliko unywele.
Chai itaupata. Maji ya baridi yataupata.
Ndiyo sababu tunajaza milimita mbili, tunaangaza,
halafu mbili nyingine.
Siku ile ulikuwa na haraka ya kengele ya saa nane
nikajaza nne kwa mkupuo.

Hapana. Kengele ilikuwa yako,
haraka ilikuwa yangu.
Udongo uwahi ungali maji, husemwa.
Niliuwahi kweli,
nikauacha ungali maji chini.

Ulipopiga simu jana nilikwenda Milimani
kuazima kipimo cha mwanga.
Kilitakiwa kisome elfu moja.
Kikasoma mia mbili na kumi.
Nikapima tena. Nikafuta ncha, nikapima tena.
Nikakaa kwenye kiti chako hicho
nikihesabu vinywa vya miaka miwili.

Leo taa ni mpya, ya mkopo. Funga macho.
Muhonja, miwani ya chungwa.
Mbili. Pip. Pip.
Uso wa tabaka hili hautakauka,
hewa inauibia mshiko; unabaki wa kunata,
nami siupangusi,
kwa kuwa ni hapo hapo penye kunata
tabaka la pili hupata pa kujishika.
Mbili. Pip. Pip.

Tema. Suuza. Hulipi kitu, usibishane nami.
Usiku utakapolala, taa zote zimezimwa,
litaendelea kukaza lenyewe, polepole.
Si nyuzi zote. Daima zipo chache
zinazobaki mikono mitupu.

Mlangoni Muhonja akakutania jambo
nawe ukacheka,
na kiganja kikapanda vile vile mdomoni.
Mazoea ya miaka thelathini.
Hayo sina taa yake.