Jiwe la Kilo Moja

Barua ya mwaliko iliniita "Mhandisi Nabwile",
nami sikusahihisha.
Webuye ilikuwa na ukungu asubuhi ile,
bomba la kiwanda cha karatasi limesimama bila moshi
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Ukumbi ule ule. Madirisha matatu bado hayana vioo.
Kidato cha nne, vijana mia na kumi na wawili,
na sisi wa zamani mbele, kwenye viti vya walimu,
kila mmoja na chupa ya maji na jina lake kifuani.

Daktari Sikulu alizungumza dakika arobaini.
Wakili Namarome alisema someni, someni, someni,
makofi yakapigwa kwa adabu,
rasharasha juu ya bati.
Kisha akaingia Mukhebi, amechelewa, viatu vya tope,
fundi wa mabomba, mfuko wa spana begani:
"Mimi hesabu ilinishinda kwenye karatasi,
ikaja kunishika juu ya paa la hospitali, Bungoma,
maji yalipokataa kupanda."
Wakacheka. Wakanyamaza. Ndipo wakatoa kalamu.

Zamu yangu.
Nikaanza: mimi si mhandisi.
Nikatoa mkobani jiwe la mizani, kilo moja,
lenye alama ya serikali tumboni,
nikampa msichana wa mbele: shika, pitisha.
Likaenda mkono kwa mkono, benchi kwa benchi,
huku nikiwasimulia fomu yangu.

Niliijaza kwa kalamu ya mjomba.
Chaguo la kwanza udaktari, maana mtaa ulishanipa jina.
La pili udaktari, chuo kingine.
La tatu mjomba alikohoa, akasema, weka uhandisi.
La nne nilijaza mwenyewe, chai ikipoa,
kwa kupenda mlio wa maneno tu:
Sayansi ya Vipimo.
Majibu yalipotoka, ni hilo la nne lililoniita.
Nikalia nyuma ya kinu cha posho,
unga ukanigandia machozini,
mama akanikuta mweupe kama mzimu,
akacheka hata akakaa chini.

Sasa ni mkaguzi wa mizani.
Siku moja ya soko, Chwele,
nilipindua mizani ya tajiri wa mahindi,
nikakuta sumaku, ndogo kama kifungo cha shati.
Misimu sita, kila gunia lilikuwa likiliwa kilo tatu.
Sikuokoa roho ya mtu siku hiyo.
Ila mama mmoja alihesabu pesa yake,
akahesabu tena, akaniletea ndizi.
Nikazikataa, kazi hairuhusu.
Akaniona mjinga kabisa.

Mvulana wa nyuma, Masibo, akainua mkono.
"Madamu, na kama baba ameshauza ng'ombe
kwa ajili ya kozi nisiyoitaka?"

Daktari akatazama maji yake.
Nilikuwa na methali kumi ulimini,
zote za watu ambao baba zao hawakuuza ng'ombe.
"Ng'ombe gani?" nikauliza.
"Yule mweusi. Alikuwa ananijua."

Sikumjibu. Nilikwenda nikaketi kwenye benchi lake,
tukafungua orodha ya kozi, ukurasa uliokunjwa pembe.
Akaweka kidole mahali,
akakiondoa,
akakirudisha.
Sitawaambia wapi. Fomu ni yake.
Na baba yake atamwambia nini jioni,
hilo nalo sikujua, wala sikujifanya najua.

Saa kumi nilipoondoka mkoba ulikuwa mwepesi.
Jiwe halikunirudia.
Liko humo bado, katika bweni fulani,
kiganjani mwa mtu asiyelala.
Jumatatu nitaandika kwa mkuu wangu:
jiwe moja, kilo moja, mali ya serikali, halijulikani lilipo.
Pale panapoulizwa sababu
nitaacha wazi.