Kamba ya Mafundo

Babu wa babu yangu hakujua kuandika.
Alifunga mafundo.
Kamba yenyewe ninayo, ya gome, nyeusi kwa masizi,
mafundo kumi na tisa na pengo moja,
na hakuna aliye hai huku Bulongwa
anayeweza kunisomea.

Haya ndiyo yaliyosalia midomoni:

Ngailo alikuwa mhunzi. Majembe yake yalishuka
mpaka kwa Wanyakyusa, yakarudi yamekuwa ndizi,
yamekuwa maharage, na mwaka ule, kwa ukaidi wake,
mizigo miwili ya tumbaku mbichi.
"Tutatafuna majani?" aliuliza mkewe, binti Tweve.
Hakujibu. Alikuwa ananusa.

Juani kwanza. Lakini jua la Ukinga ni mgeni wa kupita,
linabisha hodi, haliketi.
Ukungu ukalala juu ya majani siku nne,
yakaota kuvu kama ndevu.
Fundo.

Darini, juu ya jiko: yakatoka na harufu ya mbuzi
na ya kila chungu kilichowahi kuungua humo.
Fundo.

Akayafukia kwenye samadi. Hilo watu
wanalicheka hadi leo, sitalieleza.
Fundo, tena fundo.

Akayakanda kwa asali, kwa magadi, kwa mkojo wa ndama,
akayasokota, akayatwanga kama ulezi,
na kila mara alimpelekea mama yake, binti Sanga, kipofu
mwenye pua isiyojua huruma.
Bibi alivuta, akapiga chafya, akasema, "Rudi."

Usiku uliofuata fundo la kumi na tisa
kijana wa mivukuto alisinzia.
Makaa yakabaki yanawaka bila moshi, mekundu, kimya,
kama jicho la mtu aliyekasirika asiseme.
Majani yalining'inia pale kwa bahati tu,
hayakuwa na pa kukaa kwingine.
Asubuhi yalikuwa ya njano.
Si njano ya ugonjwa. Njano ya kifaranga, ya nta mpya.

Binti Sanga alinusa. Hakupiga chafya.
Alikaa kitambo, kisha akauliza:
"Hili jani limetoka kwa nani?"

Wanunuzi hawakulitaka. "Haliumi," walisema,
"tumbaku isiyouma ni matandiko ya kuku."
Walitaka nyeusi.
Ngailo akarudi kwenye majembe,
na pale palipostahili fundo la ishirini
akaacha kamba wazi.

Mimi nilifanya kazi misimu miwili kwenye mabani ya Iringa,
nikichochea tanuri usiku, nikililinda joto lisipande.
Mlango ulipofunguliwa niliiona rangi
ambayo sikuwahi kuiona, nikaifahamu.
Msimamizi akauliza nacheka nini.
Nilikuwa nimeshika kamba mfukoni,
kidole kwenye pengo.