Pembe ya Nne

Tsiala alilileta Jumatatu, gari refu la rangi ya risasi.
Akasema: usiku linachuchumaa.
Jioni naliacha wima kama askari wa zamu,
asubuhi nalikuta tumbo limegusa theluji.
Nami ni mkunga, Nugzar. Wajawazito wa kule juu
hawangoji gari livute pumzi.

Fundi wa Kutaisi alikwisha kumwuzia kompresa,
kisha kompresa nyingine baada ya hiyo.
Sikumsema. Kompresa hupiga kelele,
na mwenye kelele ndiye hukamatwa kwanza.

Nikapima. Toka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa tao:
arobaini na sita, mbele na nyuma, kulia na kushoto.
Nikaandika kwa chaki ukutani, nikaenda kulala.
Alfajiri: arobaini na moja.
Zote nne. Sawasawa, kama zimekatwa kwa msumeno.

Ugonjwa gani huu usio na upendeleo?
Mito minne ya hewa haitoboki kwa miadi.
Siku mbili nikazunguka, nikaituhumu vali,
nikaituhumu mirija, nikamtuhumu aliyevumbua
gari la kukalia upepo, wakati chuma kipo.

Lamara, mke wangu, alikuwa akimenya vitunguu.
Labda linaamka usiku, akasema,
kwa mzaha, bila kuinua kichwa.

Na kweli linaamka.
Sote tukiwa tumelala, kompyuta yake hufumbua jicho,
hupapasa miguu yake gizani: huyu yupo, huyu yupo,
huyu yupo, huyu ameshuka.
Halitaki kuonekana limekaa upande. Lina haya.
Basi miguu mitatu mizima huachia hewa yake njema,
psss, hadi ilingane na mmoja,
kisha jicho hufumba tena.

Mficha maradhi, mwisho wake mnaujua.

Niking'oa fyuzi. Leo, nikaliambia,
kila mtu na mguu wake.

Nikalisukuma nje, maana gerejini kuna jiko,
na mpira ukiota moto husema uongo.
Baridi kumi na moja chini ya sifuri.
Maji ya sabuni yakaganda kwenye brashi.
Nikayatia chacha ya baba mkwe, kikombe kizima.
Kikombe cha pili hakikufika kwenye sabuni.

Saa nne, nyuma kushoto: arobaini na sita.
Saa sita, arobaini na nne.
Saa tisa, thelathini na nane,
na nyingine tatu hazijatikisika hata unywele.
Limeinama kama ng'ombe anayetaka kulala
ila hajakata shauri.

Nikajilaza juu ya boksi lililokunjuliwa, tochi menoni.
Pale mpira unapojikunja wenyewe kwa wenyewe,
pasipofika jua wala mkono wa mwosha magari,
povu moja, dogo kuliko punje ya mtama.
Likavimba. Likapasuka. Likavimba.
Mtoto anapuliza mate usingizini.

Nilimwonyesha Tsiala. Akavua glavu, akagusa.
Hili tu?
Hili tu.
Na wale watatu?
Wazima. Walikuwa wakimsindikiza.
Nilidhani atauliza bei. Akauliza:
Kila usiku?

Mto mpya ulitoka Tbilisi Alhamisi kwa basi,
umefunikwa magunia ya viazi, unanuka udongo.
Nikaufunga, nikarudisha fyuzi,
gari likapanda pembe kwa pembe, likinung'unika.

Ijumaa kabla hajaja nikachukua futi.
Hakuna aliyenituma.
Arobaini na sita. Arobaini na sita. Arobaini na sita.
Nyuma kushoto, arobaini na tano na nusu.
Nikasema ni baridi, imevuta chuma cha futi.
Nikapulizia vidole.
Nikapima tena.