Fundi wa Kukodi

Plovdiv, theluji imegoma kuyeyuka kizingitini.
Rangel anamwonyesha shangazi yake
picha za kuweka kwenye tovuti ya kibanda cha viatu:
fundi meno meupe pe, aproni isiyojua gundi,
kashika nyundo kama mtu aliyepewa ua.

"Huyu hajapiga msumari hata mmoja," asema Zhivka.
"Lete mwingine."
Mwingine anaichekea soli.

Yuro tisa, picha tano.
Rangel anachoka. Anaielekeza simu
kwenye kidole gumba cha shangazi,
kile kilichotobolewa na sindano mwaka aliofiwa,
kucha nusu.

"Hicho usikipige."
Anakificha ndani ya buti la mteja.

Kisha: "Ngoja basi, ninawe."
Maji yanatiririka muda mrefu.
Anarudi na weusi ule ule.