Shubiri Moja na Nusu

Kutoka Urali hadi Chukotka
ni shubiri moja na nusu ya Mwalimu Famau.
Chumvi imekula ramani; Altai ina tundu la mchwa,
na Verkhoyanski hulitamka polepole
kama atafunaye barafu asiyopata kuigusa.

"Milima hii," alisema, "haihami.
Na hapa Lamu, kilele chetu ni kipi?"

Kimya. Kisha Mwanatumu, dawati la nyuma:
"Tuta la mchanga la Shela, mwalimu.
Ila mwaka juzi lilikuwa nyuma ya kisima chetu,
sasa liko mlangoni,
na bibi amekataa kuhama."

Tulicheka. Mwalimu hakucheka.
Alipima tena kwa shubiri, mlima hadi mlima,
mpaka kengele ikalia.

Mwanatumu akakung'uta kiatu.
Kilele kidogo kikabaki sakafuni.