Nyumba si Ndia

Kwetu Langoni mgeni aliulizwa viatu kabla ya jina.
Sauti ya mama ilitangulia kutoka uani,
yeye mwenyewe hujamwona:
"Vua, mwanangu. Nyumba si ndia."

Nasi tuliijua ndia ilivyo:
punda wawili na shehena ya simiti,
na walichokiacha nyuma, kingali na mvuke;
mtaro uliofurika maji ya samaki,
paka na kichwa chake cha tasi.
Vyote hivyo huingia chini ya soli
bila hodi.

Dakani viatu vilikaa kama watu barazani:
makubadhi ya baba, ngozi imeshika umbo la kidole gumba,
champali za Aboud, moja imefungwa kwa waya,
vyangu vya skuli.
Pua zote zilitazama nje,
maana mama alivigeuza kimoja kimoja
ili atokaye asihangaike.

Fundi wa stima alikuja na mabuti.
"Mama, ni dakika tano tu."
"Hata moja."
Alipovua, soksi ilikuwa na tundu kisiginoni,
na aibu ikampanda hadi masikioni.
Aliondoka taa zinawaka
na soksi imeshonwa kwa uzi wa kofia.

Ndani tulitembea peku.
Mitawanda ya chooni tu ndiyo iliyokuwa na ruhusa,
nayo ilisema ko, ko,
ikanyamaza kizingitini. Haikuvuka.

Niliwahi kumbishia. Nilirudi likizoni kutoka Nairobi
na ulimi mrefu: mama, mbona walaumu viatu?
Nyayo zetu je?
Akapitisha sindano kofiani, hakuinua uso.
"Nyayo naziosha mara tano kwa siku.
Wewe kiatu chako umekiosha lini?"

Kisha ikaja sukari.

Mkeka ulikuwa na madoa mekundu, madogo,
yamefuatana kama nakshi
kutoka kitandani hadi jikoni, na kurudi.
Tulidhani paka kajikata.
Mama alikuwa ameketi akitunga uzi,
na sindano nyingine imezama unyayoni mwake
hadi tunduni.
"Sikusikia kitu," alisema,
akiutazama mguu
kama mtu wa mbali aliyeingia na viatu vyake.

Nesi Kawira alifunga bendeji, akasema polepole:
"Kuanzia leo usitembee peku, mama. Hata ndani.
Hasa ndani."
Mama alinitazama mimi, si yeye.
Miaka hamsini ameulinda mlango,
na sindano ilikuwa yake mwenyewe.

Wiki nzima alikataa. Afadhali kitanda, alisema.
Nikaenda dukani kwa Mselem,
nikanunua ndara za mpira, laini,
rangi ya zambarau, hakukuwa na nyingine.
Sikuzijaribu hata kwa kidole.
Nilizibeba kifuani ndani ya gazeti,
nikawapisha punda, nikaruka mtaro,
nikaziweka mapajani mwake.

Alizipindua. Akazinusa soli.
"Hizi hazijaiona ndia?"
"Hazijaiona."
"Wala hazitaiona."
Akaniagiza nikaziogeshe birikani
hata hivyo.

Ukija kwetu leo, vua kama kawaida.
Sauti ni ileile,
ila kabla yake utasikia chap, chap, sakafuni,
na usithubutu kucheka.

Siku ya kliniki husimama kizingitini,
mkono mmoja begani kwangu,
avue za ndani, avae za nje.
Halafu huinama, na magoti yanamuuma,
hataki nimsaidie.
Tukishafika pembeni mwa msikiti nageuka nyuma:
mlango u wazi, viatu vya watu vimejipanga dakani
vikitazama njia,
na upande wa pili wa kizingiti, peke yake,
jozi ya zambarau
ameielekeza ndani.